Kisu Kilichokosa Koleo

Vijana wengi wakisikia "kisu cha Uswisi" hudhani ni pambo la watalii. Hapana, bwana. Jeshi la Uswisi lilianza kuwagawia askari wake kisu hicho mwaka 1891 kwa sababu bunduki yao mpya ilihitaji bisibisi kufunguliwa. Shida ilitangulia, kisu kikafuata.

Lakini koleo, yaani plaisi, hakikuwa nalo. Mwaka 1975 Mmarekani Tim Leatherman alizunguka Ulaya na mkewe kwa Fiat kuukuu iliyoharibika ovyo. Mfukoni alikuwa na kisu cha kukunja. Kukata, kinakata; kushika nati, ng'o!

Akarudi kwao kutengeneza plaisi ya kukunja yenye kisu na bisibisi ndani. Alidhani mwezi mmoja utatosha. Ikamla miaka 3. Wenye viwanda vya visu wakasema hiyo ni zana, wenye viwanda vya zana wakasema hicho ni kisu. Hakikuuzwa hadi 1983.

Mimi natembea nacho cha aina hiyo, na simdanganyi mtu: nati za gurudumu hakiziwezi. Ila waya wa betri uliolegea kinakaza, na mpira wa rejeta uliopasuka nchani unakatwa, unabanwa upya, safari inaendelea. Utingo wetu wanalijua hilo siku nyingi, ndiyo maana plaisi haikosi chini ya kiti.

Nawe, kijana mwenzangu, gari likizima mlima Kitonga saa 8 usiku, nati utaishika kwa meno?