Chumba cha Magharibi: Kukabidhi Nyumba kwa Watoto katika Historia ya Ayalandi

Nyumba ya mzee humfikia mtoto kwa njia mbili. Ama mzee hufariki na mtoto akarithi, ama mzee angali hai naye akaitoa kwa mkono wake mwenyewe. Kiswahili kimezipa njia hizo majina mawili yenye asili ya Kiarabu, mirathi na hiba, na katika fikihi ya Kiislamu inayofuatwa pwani hiba haitimii kwa maneno matupu: sharti aliyepewa akabidhiwe kitu chenyewe. Mzee anayetamka kwamba nyumba ni ya mwanawe, kisha akabaki na funguo mfukoni, hajatoa kitu. Katika vijiji vya Ayalandi ilikua njia ya tatu ambayo ni vigumu kuitafutia jina. Mzee hutoa nyumba na shamba kwa hati, jina lake likafutwa katika daftari la ardhi, lakini yeye mwenyewe habanduki humo ndani mpaka siku ya kufa. Siku hizi jambo hilo hujadiliwa hasa kwa sababu ya gharama za makao ya wazee, kwa kuwa ziko familia zinazoandikisha nyumba kwa jina la mtoto ili serikali isije ikaihesabu. Hata hivyo desturi yenyewe ni ya zamani kuliko makao hayo, wala haikuanza kwa hila.

Chanzo chake cha mbali ni njaa. Sheria ya maskini ya 1838 iliigawa Ayalandi, ambayo wakati ule ilikuwa sehemu ya ufalme mmoja na Uingereza, katika wilaya 130 za misaada, na kila wilaya ilijengewa nyumba ya kazi ambamo maskini alilishwa kwa masharti magumu, mume akitengwa na mkewe na watoto wakitengwa na wazazi. Ugonjwa wa viazi ulipoingia mwaka 1845, nyumba hizo hazikutosha. Mwaka 1847 Bunge la London lilipanua misaada, lakini mbunge William Gregory aliingiza katika sheria hiyo kipengele ambacho jina lake limebaki nacho hata leo: mtu anayeshikilia zaidi ya robo eka ya ardhi, yaani kama mita za mraba 1,000, asipewe msaada mpaka aiache. Wako waliokufa wakiwa wameshikilia shamba, na wako waliolitoa wakapata uji, kisha wakarudi na kukuta kibanda kimekwisha kubomolewa na mwenye ardhi. Hapo mkulima wa Ayalandi alijifunza kwamba msaada wa serikali una bei, na bei yenyewe ni shamba. Ni vigumu kuelewa yaliyofuata bila kukumbuka mwaka huo.

Watu wapatao milioni moja walikufa katika njaa hiyo na wengine kama hao wakahama. Waliobaki waliacha desturi ya kuwagawia wana wote vipande vya shamba. Tangu hapo shamba zima lilimwendea mmoja tu, na ndugu zake wakaolewa kwingine au wakapanda meli kwenda Marekani. Kisha sheria za 1885 na 1903 zikawakopesha wapangaji fedha za kuyanunua mashamba waliyokuwa wakiyalima, na sheria ya 1891 ikalazimisha mashamba yaliyonunuliwa hivyo yaandikishwe katika daftari la serikali. Watu ambao babu zao walikuwa wakifukuzwa kwa neno moja la mwenye ardhi sasa walikuwa na hati. Lililobaki ni swali la siku gani hati hiyo ihame kutoka kwa baba kwenda kwa mwana.

Siku hiyo ilikuwa siku ya ndoa. Conrad Arensberg na Solon Kimball, wanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard waliofanya utafiti katika jimbo la Clare mwanzoni mwa miaka ya 1930, wameieleza desturi hiyo kwa undani ambao haujapitwa. Mwana aliyebaki nyumbani aliitwa kijana hata akiwa na umri wa miaka 40, kwa sababu shamba lilikuwa bado la baba, na asiye na shamba hakuweza kuoa. Baba alipokubali hatimaye, mshenga alitumwa. Wazee wa pande mbili walikutana, wakahesabu ng'ombe, wakalikagua shamba, wakapatana juu ya fedha ambazo bibi arusi angeingia nazo. Isidhaniwe kuwa fedha hizo ni mahari, kwa maana zilikwenda upande wa pili: zilitoka kwa baba wa msichana, zikapokewa na baba wa mvulana, naye kwa kawaida alizitumia kumwozesha binti yake au kulipa nauli ya mtoto anayehama. Ndipo wote walipokwenda mjini kwa wakili.

Hati iliyoandikwa huko ndiyo kiini cha jambo hili. Sentensi ya kwanza ilimpa mwana nyumba na ardhi. Zilizofuata zilimrudishia mzee, kidogo kidogo, alichokuwa ametoa. Wazee wabaki na chumba kimoja. Wawe na mahali pao penye moto. Wapate malisho ya ng'ombe mmoja, matuta kadhaa ya viazi, na udongo mkavu wa kinamasi ambao huko huwashwa badala ya kuni. Wapelekwe kanisani siku ya Jumapili. Kama wanawake wawili wa nyumba hiyo watashindwa kuelewana, mzee alipwe kiasi fulani cha fedha akaishi kwingine. Mtu asiyezoea lugha ya mawakili atashangaa kukuta ng'ombe na viazi katika hati ya ardhi. Lakini mwandishi wa hati alijua kwamba upendo haudaiwi mahakamani, na malisho ya ng'ombe yanadaiwa.

Chumba walichohamia wazee kilikuwa upande wa magharibi wa nyumba, nyuma ya meko. Arensberg aliona kwamba kilikuwa chumba chenye heshima na hofu pamoja. Humo zilitundikwa picha za waliohama na waliokufa, humo viliwekwa vitu vya thamani, na upande huo wa nje haukujengwa kitu kwa kuwa ilisemwa ni njia ya viumbe wasioonekana. Mzee aliyehamia chumba cha magharibi alikuwa ameshuka cheo, maana hakuamua tena ng'ombe gani auzwe, lakini pia alikuwa amekaribia mababu. Mtu wa Katanga aliyekulia karibu na nyumba ya nyanya yake ataelewa upesi kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja.

Hofu ya mzee aliyetoa vyote si ya Ayalandi peke yake. Katika karne ya 13 mshairi wa Kifaransa aitwaye Bernier alisimulia habari ya tajiri wa Abbeville aliyempa mwanawe mali yote ili apate mke wa ukoo bora. Baada ya miaka mke huyo akataka babamkwe atoke. Mzee akaomba angalau blanketi la farasi, na mjukuu aliyetumwa kulileta akalikata katikati na kuleta nusu. Alipoulizwa sababu, akamjibu baba yake kwamba nusu nyingine anamwekea yeye. Wataalamu wa ngano wameikuta hadithi hiyo katika nchi nyingi na kuipa namba 980 katika orodha yao. Hati za Ayalandi zinaweza kusomwa kama juhudi ya wakulima ya kuhakikisha kwamba blanketi zima limeandikwa.

Mwaka 1908 likaja jambo jipya. Sheria ya pensheni ya uzee, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1909, ilimpa kila mwenye miaka 70 shilingi 5 kwa juma bila yeye kuchanga kitu, mradi mapato yake kwa mwaka yasizidi pauni 21. Zaidi ya hapo malipo yalipungua, na kwenye pauni 31 na shilingi 10 yalikoma. Kwa mkulima wa magharibi mwa Ayalandi ambaye fedha taslimu aliziona siku ya mnada wa ng'ombe tu, shilingi 5 kila juma zilikuwa neema. Lakini kulikuwa na vizuizi viwili. Cha kwanza kilikuwa umri, kwa kuwa uandikishaji wa vizazi vyote ulianza huko mwaka 1864, na mzee wa 1909 hakuwa na cheti. Watu walitafutwa katika sensa za 1841 na 1851, na wasioonekana humo waliulizwa kama wanaukumbuka usiku wa upepo mkubwa wa tarehe 6 Januari 1839. Inasemekana kwa mzaha kwamba idadi ya walioukumbuka iliongezeka ghafula.

Kizuizi cha pili kilikuwa shamba lenyewe, na dawa yake ilikuwa tayari kabatini kwa wakili. Wazee wenye mashamba madogo wakaanza kuyaandikisha kwa majina ya wana wao, hata pasipo harusi. Watunga sheria walikuwa wameliona hilo mapema: kifungu cha 4 kilisema kwamba mtu aliyejinyima mali kwa nia ya kupata pensheni ahesabiwe kana kwamba bado anayo. Neno zito hapo ni nia. Je, mzee wa miaka 71 aliyetoa shamba mwezi wa pili alilitoa kwa sababu mwana anaoa, au kwa sababu ya shilingi 5? Ofisa wa pensheni, aliyetoka idara ya ushuru, alisema la pili. Kamati ya wenyeji, iliyoundwa na majirani wa mzee huyo, mara nyingi ilisema la kwanza. Kwa kweli sababu zote mbili zilikuwa za kweli kwa wakati mmoja, na hakuna mizani ya kuzitenganisha. Pensheni haikuzaa desturi ya kukabidhi. Iliiharakisha, na kwa mara ya kwanza ikampa mtoa nyumba faida itokayo nje ya familia. Mzee wa chumba cha magharibi akawa mtu anayeleta fedha nyumbani, na si ajabu kwamba alianza kutunzwa vizuri zaidi.

Dola huru iliyozaliwa mwaka 1922 ilirithi pensheni pamoja na mashaka yake, na mwaka 1924 ikaipunguza kutoka shilingi 10 hadi 9, jambo ambalo wapiga kura hawakulisahau. Miaka iliyofuata yaweza kupitwa haraka. Sheria ya 1965 ilimpa mjane fungu la lazima katika mali ya mumewe, na ile ya 1976 ikakataza nyumba ya ndoa isihamishwe bila kibali cha mwenzi. Wakati huohuo vijana walizidi kwenda mijini, na chumba cha magharibi kikahamia, kwa namna ya kusema, katika makao ya wazee.

Makao hayo yana gharama, na historia ya jinsi ilivyodaiwa haina sifa nzuri. Tangu 1976 hadi 2004 mamlaka za afya ziliwatoza wagonjwa wazee ada ambazo sheria haikuziruhusu. Serikali ilipojaribu kuzihalalisha kwa kurudi nyuma, Mahakama ya Juu ilikataa mwezi wa pili 2005, ikisema kwamba haki ya kudai fedha hizo ni mali, na mali ya mnyonge inalindwa na katiba kama ya mwenye nguvu. Kanuni za 1993 kuhusu makao ya binafsi ziliruhusu hata mapato ya watoto yapimwe; ripoti ya Ombudsman ya mwaka 2001 ilionyesha kwamba utaratibu huo haukuwa na msingi wa kisheria.

Mpango unaotumika sasa ulianza mwezi wa kumi 2009. Mzee hutoa asilimia 80 ya mapato yake, pamoja na sehemu ya mali yake kila mwaka, kwanza asilimia 5 na tangu 2013 asilimia 7.5. Nyumba yake ya kuishi huhesabiwa kwa miaka 3 tu, kwa hiyo haiwezi kuliwa zaidi ya asilimia 22.5, na deni hilo laweza kungoja mpaka afe. Mali aliyoitoa katika miaka 5 kabla ya kuomba huhesabiwa kana kwamba ni yake. Hapa neno nia limetoweka. Sheria ya 1908 ilitaka kujua moyo wa mzee. Ile ya 2009 huangalia kalenda. Ni haki kusema kwamba kalenda haidanganyiki, lakini pia humsukuma mtu mwenye afya kutoa nyumba mapema mno, kwa hofu ya ugonjwa ambao huenda usije.

Hatari ya haraka hiyo ilionekana katika kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1999. Mzee mjane alikuwa amemwandikia mwanawe nyumba yake pamoja na duka la pombe, akabakiza haki ya kukaa humo. Mwana akafa ghafula kabla ya mambo kutulia, na kila kitu kikaangukia kwa mke wa mwana. Mabinti wa mzee walishtaki. Mahakama ilitengua hati, kwa kuwa wakili mmoja alikuwa amewahudumia wote wawili, na mzee hakupata shauri huru juu ya kile alichokuwa akipoteza. Hati ilikuwa imefikiria kifo cha baba tu.

Mashamba yalibaki nje ya kikomo cha miaka 3 kwa muda mrefu, isipokuwa mzee alipopatwa na ugonjwa wa ghafula. Wakulima walilalamika kwamba asilimia 7.5 kila mwaka, bila mwisho, italimaliza shamba. Sheria ya 2021 iliwasikiliza, kwa sharti kwamba atajwe mrithi wa familia atakayelifanyia kazi shamba hilo kwa miaka 6. Deni huandikwa juu ya ardhi, na mrithi asiyetimiza hudaiwa. Katika hati za Clare mwana alimwahidi baba chumba, moto na safari ya Jumapili. Katika karatasi za 2021 anaiahidi serikali kulima, na baba yake kwa kawaida amekwisha kulazwa mahali pengine.