Fukusi na Mkondo wa Mto: Historia ya Udhibiti wa Gugumaji kutoka Nyabarongo hadi Ziwa Viktoria

Utangulizi

Mto Nyabarongo unapopita pembezoni mwa Jiji la Kigali hubeba udongo mwekundu wa milimani, na mara nyingi mafungu ya majani mabichi huelea juu yake. Mmea huo ni gugumaji, ambalo Wanyarwanda wengi huliita amarebe. Asili yake ni bonde la Amazon, Amerika Kusini. Baada ya kuungana na Akanyaru na kupita eneo la Ziwa Rweru, mto huo huitwa Kagera, nao huingia Ziwa Viktoria karibu na mpaka wa Tanzania na Uganda. Makala haya yanadai kwamba udhibiti wa gugumaji kwa kutumia wadudu ulifanikiwa pale ulipokuwa na muda na utulivu, na ulidhoofika pale mipaka ya mikataba ilipokosa kulingana na mkondo wa maji.

Mdudu na kazi yake

Wadudu waliotegemewa ni fukusi wa spishi mbili, *Neochetina eichhorniae* na *Neochetina bruchi*, ambao waliachiliwa kwanza huko Florida, Marekani, katika miaka ya 1970. Fukusi mzima hukwangua ngozi ya jani. Buu lake hutoboa kikonyo hadi kwenye kitovu cha mmea. Maji na vimelea huingia humo, mmea huoza na hatimaye huzama. Kazi hiyo huchukua miaka, wala si majuma.

Mkataba uliokomea ziwani

Gugumaji liliripotiwa katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na Kagera ikatambuliwa kuwa njia yake kuu. Katika miaka ya 1990 lilifunga bandari na fukwe za wavuvi, likatatiza pia kituo cha umeme cha Jinja. Mnamo Agosti 1994 Kenya, Tanzania na Uganda zilitia saini makubaliano ya pamoja ya kusimamia mazingira ya ziwa. Rwanda, ambako mto huo unaanzia, haikuwamo. Wakati huo nchi ilikuwa imetoka tu katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na taasisi zake zilikuwa zimevunjika.

Uganda iliwaachilia fukusi ziwani mwaka 1995, na Kenya ikafuata mwaka 1997. Katika maji ya Kagera nchini Rwanda, kazi hiyo ilianza mwaka 2000. Kwa hiyo, kwa miaka kadhaa wadudu walipambana na gugu chini ya mkondo ilhali mbegu na vipande vya mmea viliendelea kuteremka kutoka juu.

Mjadala wa mafanikio

Upande wa Kenya, gugumaji lilifikia takriban hekta 17,000 mwaka 1998, kisha likapungua kwa kasi. Baadhi ya watafiti walihusisha anguko hilo na mawimbi, mawingu na mvua za El Niño za 1997/98. Wengine walishikilia kwamba fukusi ndio waliolidhoofisha. Hoja hizi mbili hazipingani kabisa, kwani mmea uliokwisha kutobolewa huvunjwa na mawimbi kwa urahisi zaidi. Hata hivyo, baada ya mvua kubwa za mwisho wa 2006 gugu lilirejea. Mbegu zake hudumu kwa miaka mingi katika tope, na rutuba inayosombwa kutoka mashambani na mijini huliwezesha kukua upesi kuliko fukusi wanavyozaliana. Aidha, kung'oa gugu lote kwa mikono au mashine huondoa pia wadudu na mabuu yao.

Hitimisho

Rwanda na Burundi zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na baadaye zikaingizwa katika awamu ya pili ya mradi wa mazingira wa ziwa. Kwa watunga sera, funzo liko wazi. Kuachilia fukusi si tukio la siku moja la kuwekewa tarehe; ni malezi yanayohitaji vituo vya kuzalisha wadudu, ufuatiliaji, na sehemu za gugu zinazoachwa kwa makusudi ili wazaliane. Malezi hayo yaanzie juu ya mkondo, pamoja na kuzuia mmomonyoko wa milima na majitaka ya Kigali yanayoingia Nyabarongo. Bila hayo, ziwa litaendelea kupokea kile ambacho mto haukuzuiwa kukibeba.