Mtia Mwanga au Mpanga Mwanga?

Tunapotafuta istilahi ya msanii ashughulikiaye mwanga katika mchezo wa video wa zamani unaotolewa upya, neno linalotujia upesi ni mtia mwanga. Historia ya kazi yenyewe hailiungi mkono.

Yafaa tuutazame mchezo wa Halo: Combat Evolved, uliotolewa Marekani mwaka 2001. Mwaka 2011 ulitolewa tena ukiwa na sura mpya, na mchezaji akapewa kitufe cha kurudia sura ya kale papo hapo. Mwendo wa mchezo ulibaki ule ule. Kilichobadilika hasa ni kile kionekanacho. Hivyo kazi ya msanii iliweza kupimwa kwa kubonyeza kitufe tu (na ni wasanii wachache waliowahi kuwekewa mizani ya namna hiyo!). Katika hatua ya kinamasi, mchezaji hutafuta kikosi kilichopotea, asijue kimepatwa na nini. Toleo la kale lilimzungushia ukungu na giza. Toleo jipya liliongeza mwanga na rangi, mimea ikaonekana vizuri, na wachezaji kadhaa wakalalamika kwamba hofu imetoweka.

Mwanga ulitiwa, tena kwa wingi. Kilichopungua ni kuupanga: mahali pa kuuzuia, kiasi cha kivuli, jambo la kufichwa. Ndiyo maana tunapendekeza mpanga mwanga. Fundi taa tumemwachia kazi ya umeme. Ama uhuishaji, neno hilo limekwisha kutumika kwa katuni zinazotembea; kwa mchezo wa namna hii, toleo jipya latosha.