RAV4 au X-Trail: Pima kodi na giaboksi kabla ya kununua gari la familia

Na Mwandishi Wetu

FAMILIA nyingi za Dar es Salaam zinapoamua kuachana na gari dogo la chini na kutafuta gari la juu, majina mawili hutajwa kabla ya mengine: Toyota RAV4 na Nissan X-Trail. Yote mawili hubeba watu watano, huja kutoka Japani yakiwa yameshatumika, na hupita kwenye mashimo ya Kimara na Goba bila kuburuza tumbo. Kwa kuwa fedha ya kununulia aghalabu ni akiba ya miaka kadhaa au mkopo wa benki, atakayekosea kuchagua atajikuta akimlipa fundi kwa ada ya shule.

Makala haya yanahusu RAV4 ya toleo la tatu, lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2005, na X-Trail ya toleo la pili, lililoanza mwaka 2007.

Kwa anayeagiza mwenyewe, tofauti ya kwanza hujitokeza bandarini. RAV4 hiyo ina injini ya ujazo wa cc 2,362, wakati X-Trail iliyo nyingi ina cc 1,997. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hutoza ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa gari lililozidi cc 1,000 lakini lisilozidi cc 2,000, na asilimia 10 kwa lililozidi. Chukua gari ambalo TRA imelikadiria kuwa na thamani ya Sh milioni 10. Ukishaongeza ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa kwa X-Trail ni Sh 625,000 na kwa RAV4 ni Sh 1,250,000. Tofauti hiyo nayo hutozwa VAT ya asilimia 18, hivyo pengo hufika Sh 737,500. Ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, unaotozwa magari yaliyozidi miaka 10, huyakumba yote mawili. Anayevutiwa na X-Trail ya cc 2,500, ambayo nayo ipo sokoni, asitarajie nafuu hii.

Kwa nafasi, X-Trail inashinda. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,630, dhidi ya 2,560 za RAV4, na buti lake ni pana kiasi cha kumeza mabegi ya likizo pamoja na gunia la mchele. Mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu. Ule wa RAV4 hufunguka kwa ubavu, nyingi zikiwa zimebeba tairi la akiba mgongoni, hivyo aliyeegesha karibu na ukuta hulazimika kusogeza gari ndipo atoe mizigo. Mwenye watoto wengi aitazame Toyota Vanguard, ndugu mrefu wa RAV4, ambayo baadhi yake zina viti saba.

Penye gharama kubwa ni kwenye giaboksi. Mitaani husemwa kwamba CVT, yaani giaboksi inayotumia mkanda wa chuma badala ya gia za kawaida, ni ugonjwa wa Nissan. Si kweli. RAV4 ya toleo hili iliyouzwa Japani nayo ina CVT, na wapo wanaoimiliki kwa miaka bila kulijua hilo, hadi siku fundi anapoijaza oili ya giaboksi ya kawaida na gari likaanza kutetemeka. X-Trail hutumia oili ya CVT iliyoandikwa NS-2, na RAV4 ina yake.

Hata hivyo, sifa mbaya ya Nissan haikuzuka hewani. Mwaka 2009 kampuni hiyo ilirefusha dhamana ya giaboksi za CVT nchini Marekani, kwa magari ya miaka ya 2003 hadi 2010, ikafika miaka 10 au maili 120,000. Kwa X-Trail, kasoro hujitokeza zaidi giaboksi ikipata joto. Kwenye mpando mrefu kama Kitonga, mkoani Iringa, gari lenye CVT iliyochoka hupunguza nguvu lenyewe, nyuma yako kukiwa na msururu wa malori.

Toyota nayo ina lake. Injini ya 2AZ iliyomo kwenye RAV4 hizo, hasa za miaka ya mwanzo, inajulikana kwa kula oili, na kampuni ililazimika kuweka mpango wa kugharimia matengenezo ya tatizo hilo Marekani kwa baadhi ya magari, RAV4 zikiwemo. Chomoa kijiti cha oili kabla injini haijawashwa. Kikitoka kikavu, na muuzaji akadai amesahau tu kuongeza, mshukuru na uendelee na safari yako.

Usikubali kuzungushwa mtaa mmoja. Endesha kwa nusu saa au zaidi, gari lipate moto, kisha tafuta mlima. Mshale wa mizunguko ya injini ukipanda huku mwendo hauongezeki, giaboksi inateleza. Nenda na fundi wako mwenye kompyuta ya kusoma hitilafu, si yule anayependekezwa na dalali.

Vipuri vya yote mawili vinapatikana Shaurimoyo, Ilala, lakini vya Toyota ni vingi zaidi, na gari lake halishuki bei haraka. Anayepanga kuuza baada ya miaka miwili au mitatu achukue RAV4. Familia inayosafiri mikoani na mizigo, inayokusudia kukaa na gari muda mrefu, kwa maoni yetu inafaa X-Trail ya cc 2,000, mradi imefaulu jaribio la mlimani.

Kwa gari lililokwishasajiliwa nchini, hakiki kadi kwa TRA na uangalie madeni ya faini za barabarani kwa namba ya gari kabla ya kutoa hata malipo ya awali.