Ziara ya Nchi Kavu na Safari ya Meli ya Kitalii: Maana, Matumizi na Uchaguzi

Ziara ya nchi kavu ni safari ya kikundi inayofanywa kwa basi au treni kwa ratiba iliyopangwa, chini ya mwongozaji anayeandamana na wasafiri. Safari ya meli ya kitalii ni ile ambayo meli huwa chombo cha usafiri na mahali pa kulala kwa wakati mmoja. Abiria hushuka bandarini na kurejea kabla meli haijang'oa nanga. Makala haya yanafafanua istilahi hizo, kisha yanaonyesha, kwa mfano wa Ugiriki, jinsi maneno ya ratiba yanavyoamua kile msafiri atakachokipata kwa fedha zake.

Asili na mipaka ya maana

Maneno *safari* na *ziara* yote yana asili ya Kiarabu, lakini katika Kiswahili yamegawana kazi. *Safari* hutazama mwendo: kutoka, kwenda na kurudi. *Ziara* hutazama kinachoendewa, ndiyo maana husemwa *ziara ya Rais mkoani* au *ziara ya makaburi*. Kwa sababu hiyo, kirai *ziara ya meli* kina utata: kinaweza kumaanisha watu kwenda kuitazama meli, au meli ya kigeni kuitembelea bandari. Ni bora kutumia *safari ya meli ya kitalii*.

Vilevile, *meli ya kitalii* si sawa na *meli ya watalii*. Kirai cha kwanza hutaja aina ya chombo. Cha pili hutaja waliomo. Kivuko cha kawaida kilichojaa wageni chaweza kuitwa meli ya watalii siku hiyo, lakini hakiwi meli ya kitalii.

Kirai *ziara ya kuongozwa* ni sahihi kisarufi, ila hakisemi mwongozaji atakuwapo kwa muda gani. Chaweza kuhusu saa mbili ndani ya jumba la makumbusho au siku kumi njiani. Wakala makini huandika: *ziara yenye mwongozaji tangu kuwasili hadi kuondoka*.

Vitenzi vya ratiba

Tofauti kubwa kati ya safari hizi mbili hujificha katika vitenzi vinne:

- Kupitia: njia inapita hapo, huenda basi lisisimame kabisa.
- Kutazama: kuona kwa nje. *Tutatazama hekalu* haina ahadi ya tiketi ya kuingia.
- Kutembelea: kufika na kukaa kwa muda, ingawa muda wenyewe hautajwi.
- Kulala: kuwapo mahali usiku, baada ya wageni wa mchana kuondoka.

Katika ziara ya nchi kavu, kitenzi *kulala* hufuatana na jina la mji. Katika safari ya meli, mara nyingi abiria hulala baharini, na miji hubakia na *kutembelea* peke yake. Anayesoma ratiba ahesabu vitenzi hivi kabla ya kuhesabu majina ya miji.

Mfano wa Ugiriki

Ziara ya kawaida ya nchi kavu huanzia Athens, hufika Delphi, umbali wa kilomita 180 hivi, kisha huendelea hadi Meteora, ambako nyumba sita za watawa zingali zinatumika juu ya nguzo za miamba. Meteora iko bara, mbali na pwani. Meli haiwezi kuifikia. Gharama ya ziara hiyo ni saa nyingi za kukaa ndani ya basi, kupanda ngazi, na kufunga sanduku kila baada ya siku moja au mbili.

Meli huanzia Piraeus, bandari ya Athens, na kuzunguka visiwa kama Mykonos, Rhodes na Santorini. Sanduku hufunguliwa mara moja tu. Hata hivyo, Santorini meli kubwa hazifungwi gatini, na abiria hupelekwa ufukweni kwa mashua. Kutoka bandari ya zamani hadi mji wa Fira kuna ngazi zinazokaribia 600, au gari linaloning'inia kwenye waya, lenye foleni. Upepo wa kaskazini wa miezi ya Julai na Agosti waweza kumlazimu nahodha kuacha kituo, na mikataba mingi humpa haki hiyo.

Neno *imejumuishwa* nalo lisomwe kwa uangalifu. Melini, chumba na chakula huwa ndani ya bei, lakini matembezi ya bandarini, vinywaji na bakshishi aghalabu hulipiwa kando. Katika ziara ya nchi kavu, basi na mwongozaji huwa ndani, ilhali chakula cha mchana mara nyingi ni juu ya msafiri.

Kuingia mara moja, kuingia mara nyingi

Ugiriki imo katika eneo la Schengen, Uturuki haimo. Meli nyingi za Ugiriki hutia nanga Kuşadası, karibu na magofu ya Ephesus, au Istanbul, kisha hurejea Piraeus. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya aliyepewa viza ya Schengen ya *kuingia mara moja* huwa ameimaliza anapotoka kwenda Uturuki, na hawezi kurudi kwa viza hiyo. Safari kama hiyo yahitaji viza ya *kuingia mara nyingi*, pamoja na kutimiza masharti ya Uturuki yenyewe. Ziara ya nchi kavu isiyovuka mipaka ya Schengen haina tatizo hilo. Ratiba yote ya bandari isomwe kabla ya kujaza fomu ya viza, si baada ya kulipa.

Muhtasari wa uchaguzi

Anayetaka kukaa na mahali, kulala mjini na kusikia maelezo marefu, achague ziara ya nchi kavu. Anayetaka kuona bandari nyingi bila kuhama chumba, na asiyesumbuliwa na kichefuchefu cha baharini, achague meli. Akiwa na mzee asiyeweza safari ndefu za basi, meli yafaa zaidi, mradi aulize kwanza ni bandari zipi zina gati na zipi hufikiwa kwa mashua.