Isale na Swali la Muujiza

Katika vijiji vya Mkuu, upande wa mashariki wa Kilimanjaro chini ya kilele cha Mawenzi, mmea mmoja wa majani marefu ya kijani hufanya kazi tatu ambazo machoni pa mgeni haziwezi kukaa pamoja. Mmea huo ni isale. Hupandwa mpakani, kutenga kihamba cha mtu na cha jirani yake. Hupandwa penye kaburi la mzee aliyezikwa katikati ya migomba yake. Na jani lake huchukuliwa mkononi na mtu aliyekosa, aendapo kuomba radhi. Kwa desturi ya Wachaga, aliyeletewa isale hakuwa na njia nyepesi ya kukataa. Kukataa kulikuwa ni kujitwika kosa jipya, na pengine zito kuliko lile la kwanza.

Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, alikusanya sheria za Wachaga katika kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 1926. Aliupenda ukoo na ujirani kupita kiasi, na kwa hiyo yafaa asomwe kwa hadhari. Miaka sitini baadaye, mwaka 1986, Sally Falk Moore alitoa kitabu chake juu ya sheria za mlimani tangu 1880 hata 1980, naye hakuwa na mapenzi ya namna hiyo. Hata hivyo, katika kazi zote mbili laonekana jambo moja, kwamba shauri baina ya ndugu au majirani halikuwa juu ya tendo moja tu. Wenye shauri walikuwa wataendelea kukaa ubavu kwa ubavu, kutumia maji ya mfereji mmoja, na kuzikana. Baada ya maneno yote ya jana, wazee walibaki na swali la kesho: watu hawa wataishi vipi?

Swali la jamaa hiyo lilizuka pia mbali sana na Kilimanjaro, tena kwa watu wasiokuwa na habari ya isale. Mwaka 1978, katika mji wa Milwaukee huko Marekani, Steve de Shazer na mkewe Insoo Kim Berg, mzaliwa wa Korea, pamoja na wenzao wachache, walifungua kituo kidogo cha kutibu familia. Tangu siku za Freud, desturi ya tiba ya nafsi ilikuwa kuchimba: shida ina mzizi, mzizi uko zamani, na asiyeuona mzizi hawezi kupona. Wenzao wa Palo Alto, California, walikuwa wamekwisha kuitilia shaka desturi hiyo, wakionyesha kwamba mara nyingi shida hudumu kwa sababu ya zile juhudi zenyewe za kuiondoa. Watu wa Milwaukee wakaenda hatua moja mbele. Husimuliwa kwamba mwaka 1982 ilikuja kwao familia iliyotaja matatizo 27, na hakuna hata moja lililokuwa wazi kiasi cha kulishika. Basi waliiambia familia hiyo irudi nyumbani, iangalie ni mambo gani katika maisha yake ingependa yaendelee. Iliporudi, ilikuwa na mengi mema ya kusimulia, na tayari hali yake ilikuwa imeanza kutengemaa ilhali matatizo yale 27 hayajaguswa.

Hapo ndipo ulipoanzia msingi ulioipa tiba hiyo jina la tiba ya kulenga suluhisho: kwamba suluhisho si lazima lifanane na shida, wala si lazima lipatikane kwa kuichambua. Mbinu zake ni chache. Mshauri hutafuta siku ambazo shida ilikuwako kidogo au haikuwako kabisa, akauliza siku hizo mtu alifanya nini. Humtaka mtu ajipime kwa hesabu, tangu sifuri hata kumi. Akijibu kwamba yuko kwenye tatu, haulizwi kwa nini si kumi, bali kwa nini si sifuri, na nne itaonekanaje. Kabla ya mwisho wa kikao mshauri hutoka, akashauriana na wenzake waliokuwa wakitazama nyuma ya kioo, kisha hurudi na neno la sifa na kazi ndogo ya kufanya. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka kwamba zamani wazee waliokwenda kando kunong'onezana juu ya shauri walisemwa kuwa wamekwenda njama, kabla neno hilo halijapata harufu mbaya lililo nayo leo.

Mbinu iliyovuma kupita zote ni swali la muujiza, nayo yastahili kukaliwa kidogo, maana hapa lugha inaingia kati. Mtu huombwa adhanie kwamba usiku, yeye akiwa usingizini, shida yake imeondoka kwa muujiza asioujua. Kisha huulizwa asubuhi atautambua kwa dalili gani. Mfasiri wa haraka atakimbilia -nge-: ungeamka, ungeona, ungefanya. Lakini -nge- ya Kiswahili hubeba shaka tumboni, msikilizaji hukaribia kusikia nyuma yake maneno "lakini haitakuwa." Kauli ikiwekwa katika -takapo-, utakapoamka utaona nini, asubuhi yenyewe imekwisha kuahidiwa, na kilichobaki ni kuieleza. Kadhalika neno "badala." Mke akisema kwamba asubuhi hiyo mumewe hatafoka, mshauri huuliza badala ya kufoka atafanya nini, kwa kuwa hakuna awezaye kuanza kutenda jambo ambalo halina umbo ila kutokuwako kwa jingine. Na neno muujiza lenyewe si jepesi katika Rombo, ambako Kanisa Katoliki lina mizizi mirefu. Huenda msikilizaji akangoja kuhubiriwa. Pengine kuuliza juu ya kucha kwa siku kwatosha.

Je, basi isale ilikuwa tiba hii kabla ya tiba? Wako wanaopenda kusema hivyo kila kitokapo kitu kipya ughaibuni, na si vema kuwafuata upesi. Mwenye kubeba isale alikiri. Alikwenda akijulikana kuwa ndiye aliyekosa, na kukiri huko ndiko kulikolipa jani uzito wake. Tiba ya Milwaukee haidai kukiri. Yaweza kwisha bila mtu kutaja kosa lolote. Tofauti ya pili ni kubwa zaidi. Katika Milwaukee mwenye shida ndiye anayesema kesho njema ni ipi, na mshauri hujizuia asimchagulie. Katika baraza la wazee kesho njema ilikuwa imekwisha kujulikana: amani ya ukoo. Kila mtu alirudishwa mahali pake, pawe pamempendeza au hapakumpendeza.

Na mahali hapo hapakuwa sawa kwa wote. Kwa desturi ya urithi mlimani, mwana wa kwanza na wa mwisho ndio waliotangulizwa katika vihamba. Wa katikati aghalabu waliambiwa wajitafutie kwingine, na ardhi ilipozidi kuwa haba maneno hayo yakawa na maana ya tambarare au mjini. Mwanamke alitumia kihamba cha mumewe, wala hakukirithi. Kwa watu hao, kuulizwa tu watakavyoishi vema kesho chini ya masharti yaleyale kungeweza kuwa namna ya upole ya kuwanyamazisha. Hatari hiyo haikuikosa tiba mpya pia. Mke anayepigwa akiulizwa ni siku zipi hakupigwa, na alifanya nini siku hizo, swali zuri limegeuka kuwa lawama. Berg, aliyefanya kazi nyingi na familia zilizokuwa mikononi mwa maofisa wa ustawi wa jamii, hakulichukua jambo la usalama kuwa dogo. Wanafunzi wa mbinu bila busara ndio wa kuogopwa.

Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, na mabaraza ya mamangi yakaondoka pamoja nao. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliagiza kwamba, isipokuwa katika hali chache, asiyepitia baraza la usuluhishi asifungue shauri la talaka. Sheria ya Ardhi ya 1999 ilimpa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Kisha mwaka 2021 mabaraza ya kata yaliondolewa uwezo wa kuamua migogoro ya ardhi, yakaachiwa kusuluhisha tu. Yasipofanikiwa katika siku 30, mdai huenda mbele kwenye baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Basi ndugu wawili wa Mkuu wanaogombea mstari wa masale uliopandwa na babu yao huanza tena mbele ya watu wa kata yao, wasioweza kumpa yeyote ushindi. Safari hii dada yao aweza kukaa nao akiwa mdai kamili, naye pia huulizwa anataka kihamba hicho kiweje.