Kiwewe, Shule na Shamba katika Makazi ya Katumba na Mishamo

Makazi ya Katumba na Mishamo, ambayo leo yako mkoani Katavi, yalitokana na mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Uasi ulipozuka kusini mwa nchi hiyo tarehe 29 Aprili, jeshi la Rais Michel Micombero lililipiza kisasi kwa Wahutu, likiwaandama hasa waliosoma: walimu, makarani, wauguzi, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu. Wengi walichukuliwa shuleni na kazini, wasirudi tena. Kwa miaka mingi baadaye, wazazi wengi wa Kihutu nchini Burundi waliogopa kuwasomesha watoto.

Makumi ya maelfu ya walionusurika walivuka kuingia Tanzania. Katumba ilifunguliwa 1973 na Mishamo 1978, katika misitu ya miombo. Huduma za kitaalamu za afya ya akili hazikuwa sehemu ya misaada ya enzi hizo. Hata ugonjwa wa mfadhaiko unaofuata kiwewe uliingizwa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980 tu.

Mwenye ugonjwa huo hurudiwa na kumbukumbu za tukio bila kutaka, huota jinamizi, hushtuka upesi na hukwepa chochote kinachomkumbusha. Mwanafunzi aliyekesha hawezi kushika somo. Akili inayosikiliza hatari mlangoni haimsikilizi mwalimu. Kazini ni vivyo hivyo. Tumbaku, zao kubwa la Mpanda, eneo la makazi haya, hukaushwa kwenye bani (vibanda vya kukaushia) kwa moto unaochochewa usiku na mchana kwa siku kadhaa, na uzembe wa saa chache huharibu jasho la msimu mzima. Kwa aliyeona nyumba yake ikiteketea, moshi huo wenyewe waweza kuamsha yaliyopita.

Hata hivyo, kiwewe hakikuwazuia wakimbizi kujenga maisha. Walifyeka msitu, wakalima mahindi, maharage, muhogo na tumbaku, na makazi yakajitegemea: Katumba ilikabidhiwa kwa serikali mwaka 1978 na Mishamo mwaka 1985. Ardhi na usalama vilirudisha mpango wa siku. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo katikati ya miaka ya 1980, aliwakuta watu wakisimulia mauaji ya 1972 kwa mpangilio kama somo la historia.

Kilichoendelea kuwabana ni kutojua hatima yao. Kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali. Wakimbizi wapatao 162,000 wa 1972 walikubaliwa uraia mwaka 2010, lakini vyeti vilianza kutolewa 2014, baada ya mpango wa kuwahamishia mikoa mingine kuachwa.

Tiba ya kiwewe ipo, tena haihitaji hospitali kubwa. Katika makazi ya Nakivale, Uganda, utafiti uliochapishwa 2008 ulionyesha kuwa wakimbizi wa kawaida waliopewa mafunzo waliweza kuwasaidia wenzao Wanyarwanda na Wasomali kwa kuwaongoza kusimulia maisha yao hatua kwa hatua, na dalili zikapungua. Shule na vyama vya wakulima katika maeneo ya wakimbizi vinastahili huduma ya namna hiyo sambamba na madaftari na mbegu.